Shikamoo Iliyozima Sigara

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya usajili katika chuo kimoja hapa Shinyanga, nikifuatilia cheti cha binti yangu. Mhadhiri mmoja, mtu mzima, alikuwa anavuta sigara kwenye korido, mgongo kaegemeza kwenye tangazo linalokataza kuvuta sigara. Sisi kwenye foleni tulikohoa kwa adabu tu.

Akatokea mama mfanya usafi, mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Akaweka ndoo chini, akapiga magoti mbele ya yule mhadhiri, kama wanawake wa Kisukuma wanavyosalimia wakubwa.

"Shikamoo, baba."

Sasa, marahaba haiitikiwi na sigara mdomoni. Mzee akaichomoa haraka, akaificha nyuma. "Marahaba, mayu," akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama hajambo? Wajukuu? Ng'ombe nao? Mvua huko kwenu imenyesha?"

Aliuliza moja moja, bila haraka, na mzee akajibu yote, maana salamu haikatizwi. Walipofika kwenye mvua, moto ukamfikia vidoleni. Akaruka, kipande cha sigara kikaanguka sakafuni. Mama akainuka kwa kushika ukuta, akakizoa.

"Asante, baba."

Foleni nzima ilicheka, nami nilicheka mpaka getini. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniishia. Tangazo lilikuwepo, na midomo tulikuwa nayo. Tulikuwa watu zaidi ya kumi tumesimama wima, tukamwacha mwenye mimba apige magoti kuomba hewa.