Fundi Bomba na Choo cha Majivu

Taurino Yescas aliporudi Yaguelo kutoka Los Angeles, alirudi na sanduku la chuma lililojaa spana, jino la dhahabu, na tabia ya kunawa mikono kila alipogusa kitu. Ujana wake wote ulikuwa umeishia chini ya masinki ya watu wengine. Alikuwa fundi bomba, tena fundi hodari, na hilo hata waliokuwa hawamtaki walilikubali. Kilichomrudisha ni mama yake, Eutimia, aliyebaki peke yake mtaa wa chini baada ya kufiwa na mumewe. Pia kulikuwa na kiwanja cha baba yake, ambacho Taurino alitaka kukijenga kabla hajazeeka.

Lakini Yaguelo si mahali pa kurudi tu ukaanza kuchimba msingi. Ardhi yote ya milima ile ya Oaxaca ni ya kijiji, na anayeruhusiwa kujenga ni anayehesabiwa mwanakijiji, yaani mtu anayetumikia zamu zake bila malipo. Mwaka huu utakuwa mgambo, mwaka mwingine karani, mwingine mlinzi wa msitu. Taurino hakuwahi kutumikia hata zamu moja. Wenzake walipokuwa wakitetemeka msituni na bunduki mbovu, yeye alikuwa akizibua mabomba ya Wamarekani na kumtumia mama yake dola. Mkutano wa kijiji ulimsikiliza, ukakaa kimya kama ilivyo desturi yake, kisha ukaamua atunze vijumba vya wageni kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo wangeona kama ni mtu wao au ni mpita njia.

Vijumba hivyo ni vya mbao za misonobari, vimepangwa juu ya kijiji, mahali ukungu unapofika kabla ya chai ya jioni. Wageni huja kutoka mjini, na wengine kutoka mbali zaidi, kwa sababu wamesikia kuwa pale hakuna kinachopotea bure. Maji ya kuogea huenda kwenye matete, maganda huenda kwa nguruwe wa mpishi, na vyoo ni vya majivu. Unakaa, mkojo unakwenda njia yake na kile kingine njia yake, kisha unamwagia kopo la majivu yaliyochanganywa na maranda kutoka kiwanda cha mbao cha kijiji. Mtunzaji hufungua mlango mdogo wa nyuma na kugeuza kwa koleo. Kikikaa vya kutosha hutoka udongo mweusi, na miti ya pichi haijali ulikotoka.

Siku ya kwanza Taurino alisimama mbele ya choo kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani asiyoipenda. Alikuwa amekulia na choo cha namna hiyo. Alipopelekwa shule ya mjini, wenzake walimwita Majivu mpaka alipoacha shule, na jina hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

“Mjomba, mpaka leo mnawakalisha watu juu ya majivu?” alimuuliza Filogonio, mzee wa kamati ya ardhi, aliyempandisha kumkabidhi funguo.

“Wanalipa wakae. Na hakuna aliyewahi kurudi kulalamikia makalio yake.”

“Kule nilikotoka hata mbwa hawezi kukubali.”

“Basi mbwa wa huko asije. Koleo lile pale.”

Taurino hakuligusa koleo. Alichukua ndoo, dawa ya kuua vijidudu na brashi, akaviosha vyoo vyote mpaka ndani kabisa, maji yakimwagika kwa wingi. Alijivunia kazi yake kwa muda mfupi sana. Choo cha majivu kikiingia maji huoza, na kikioza kinanuka mpaka barabarani. Wageni wawili waliondoka na mablanketi begani wakalale kwa padri. Hermelinda, mpishi wa vijumba, aliacha sufuria ya maharage akaja kuangalia, leso ikiwa puani.

“Umekiogesha choo?” alisema. “Si ungekipaka na mafuta kabisa, ukakivalisha shati?”

Mtu mwingine angejifunza hapo. Taurino aliamua kwamba kosa ni la choo.

Akashuka Oaxaca mjini na pesa zake mwenyewe, akarudi juu ya lori la mbao akiwa amekumbatia choo cha maji cha kuvuta, cheupe pepepe, kimefungwa blanketi. Wanaume wa kiwandani walimwona, wakaacha misumeno.

“Jamani, Taurino ameoa!”

“Bibi harusi mweupe kweli. Ila mbona hana miguu?”

“Shemeji, karibu! Taurino, usimkalie leo, mwache apumzike na safari!”

Aliwacheka, akapanda nacho. Alichimba shimo, akalizungushia mawe, akafunga tangi kubwa pale bomba la chemchemi linapopita, ili vijumba visikose maji kamwe. Kazi ilikuwa safi, hata kusugua kifuniko alisugua kwa kitambaa. Wageni wakaanza kukiulizia kijumba chenye choo cha maji. Akaongeza cha pili, kisha cha tatu. Alipokutana na Filogonio hakuweza kujizuia.

“Mjomba, umeona?”

“Nimeona.”

“Unasemaje?”

“Zamu ni yako, mwanangu.”

Taurino alichukua maneno hayo kuwa sifa. Alikuwa amesahau namna watu wa Yaguelo wanavyoishi. Mtu aliye kwenye zamu haingiliwi, haelekezwi, hasahihishwi. Anaachwa afanye atakalo, na siku ya mkutano atalipata lake. Mimi naiona desturi ya kikatili, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kiangazi kikaja, na Wiki ya Pasaka ikajaza vijumba vyote. Taurino alikuwa akilala hukohuko juu, akila kwa Hermelinda, akikimbizana na wageni. Chemchemi ya Yaguelo hukonda miezi hiyo, jambo ambalo kila mtu analijua. Maji yalijaza kwanza tangi lake, kisha yakapita shuleni, na kilichosalia ndicho kilichoshuka mtaa wa chini. Huko juu bomba halikukatika hata siku moja, kwa hiyo hakuwa na la kumtia wasiwasi.

Alishuka tu kwa sababu alitaka koti lake zito. Akakuta mlango wa mama yake umefungwa kwa kamba. Jirani akamwambia, bila kumtazama, kwamba mama yuko kisimani.

“Kisima gani?”

“Kwani tuna vingapi?”

Kisima cha zamani kiko chini bondeni, na tangu bomba lilipoletwa kilikuwa kimeachiwa vyura. Taurino alishuka akishika vichaka. Wanawake wa mtaa wa chini walikuwa wamekaa juu ya mawe na madumu yao, wakingoja maji yajikusanye. Mama yake alikuwa katikati yao, dumu limefungwa kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, kama walivyobeba bibi zake. Miguu yake myembamba ilikuwa na matope mpaka magotini.

“Mpisheni fundi bomba, jamani,” mmoja akasema. “Huenda ana kiu.”

Wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

“Umeshakula?” Eutimia akamuuliza.

“Mama, umeanza lini kuja huku?”

“Tangu bomba liliponyamaza.”

“Kwa nini hukuniambia? Ningeyavunja yale mavyoo siku hiyohiyo!”

“Ndiyo maana sikusema.” Alishusha sauti, ingawa kila mtu alisikia. “Ningekuambia, ungeyavunja kwa ajili ya mama yako. Halafu kwenye mkutano wangesema huyu anamsikia mama yake tu, sisi hatujui. Nilitaka uone mwenyewe. Ila umechelewa kuona, mwanangu. Magoti yangu karibu yaseme badala yangu.”

Aliona aibu. Haikuwa ile aibu ya jina la Majivu, ambayo wengine walimbebesha. Hii aliijenga kwa mikono yake na kuisugua kwa kitambaa. Alimfungua mama yake mkanda, akajifunga mwenyewe, akapanda na dumu maji yakimwagikia viatu. Kisha akashuka tena kwa dumu la jirani.

Siku hiyohiyo alifungulia tangi lote likashuka mtaa wa chini, akang’oa vyoo vitatu. Bwana mmoja kutoka mji mkuu alimfuata na taulo shingoni.

“Sisi tulilipia choo cha maji!”

“Utarudishiwa pesa yako, bwana. Kopo hili hapa. Ukimaliza, mwagia moja. Maji usitie hata tone.”

“Na kama sitaki?”

“Msitu ule pale.”

Hermelinda ndiye aliyemfundisha upya alichowahi kukijua utotoni. Majivu ya mwaloni hukausha kuliko ya msonobari, na maranda mabichi hayafai. Taurino alishika koleo. Hakulipenda, ila alilishika. Choo kimoja cheupe mama yake alikiomba, akakiweka mbele ya nyumba na kupanda maua mekundu ndani yake. Wapita njia walimsalimia Eutimia kwanza, kisha wakamwamkia bibi harusi.

Mkutano wa mwisho wa mwaka ulikuwa Jumapili, baada ya misa. Taurino alivaa shati jeupe, akaandaa maneno ya kujitetea, akajikumbusha asitafune midomo. Wakajadili daraja. Wakajadili fahali wa mtu aliyeingia shamba la mtu. Wakagawa zamu za mwaka unaofuata, na Filogonio akasoma kwamba chemchemi na mabomba ni ya Taurino Yescas. Mikono ikainuka yote. Taurino akaendelea kungoja jambo lake la uanakijiji na kiwanja lifikiwe, mpaka alipoona chupa ya mezkali, pombe kali ya huko, inapitishwa na watu wanavaa kofia zao.

Alifika nyumbani akiwa amevimba kwa hasira. Eutimia alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi.

“Mwaka mzima nimegeuza vyoo vyao bure,” alifoka, “na jambo langu hawakulitaja hata kwa bahati mbaya!”

“Hawakusema kitu?”

“Kitu gani! Wamenitupia kazi nyingine ya bure. Eti chemchemi na mabomba.”

Gunzi likamtoka Eutimia mkononi.

“Rudia.”

“Chemchemi. Mwaka mwingine.”

“Nani aliinua mkono?”

“Wote.”

Mama yake aliinamisha uso. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakujishughulisha kuyafuta.

“Baba yako aliingoja chemchemi mpaka nywele zikawa nyeupe ndipo wakampa,” alisema. “Vijumba anaweza kupewa yeyote, Taurino. Maji wanayokunywa watoto wao, hayo hawajawahi kumkabidhi mpita njia.”

Taurino alikaa kizingitini. Yale maneno ya kujitetea aliyoyabeba tangu asubuhi hayakuwa na pa kwenda, na alishukuru kwamba mama yake hakumtazama usoni.

“Haya, inuka ulete sanduku lako,” Eutimia akasema, akiokota gunzi lake. “Bomba langu linavuja tangu wiki iliyopita. Nilikuwa sina wa kumlalamikia.”