Mtihani wa Redio kwa Kiingereza cha Mke Wangu

Mimi sioni. Surua ilinichukua macho nikiwa mtoto kule Mbaha, kando ya ziwa, na tangu hapo watu hawajaacha kuniambia mambo nisiyoyaweza. Wengi wao wananipenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Natengeneza redio sokoni Mbinga. Mke wangu, Mmatengo wa milimani, anauza ndizi na maharage kwenye meza ya pembeni. Siku moja mteja aliniletea redio ya masafa mafupi, na nilipokuwa naipima nikasikia mlio wa kukatika-katika, ti, taa-ti, ti-ti. Nilidhani ni hitilafu. Kisha mlio ukanyamaza, na mwingine, mwembamba kidogo, ukajibu. Kumbe walikuwa watu wawili wanazungumza kwa kugonga kitufe, kila herufi na mlio wake.

Niliuliza huku na huko mpaka nikaelewa. Ni watu wa redio ya ridhaa. Wanafunga mitambo yao wenyewe, wanatandaza waya angani, wanaongea na wenzao wa nchi za mbali kwa kupenda tu. Sharti lao ni moja: ufaulu mtihani, upewe leseni.

Songea kulikuwa na darasa la Jumamosi. Nikapanda basi na mke wangu. Mwalimu alikuwa mtu mstaarabu, akanishika bega.

"Kaka yangu, nusu ya somo hili ni michoro. Wewe tafuta redio nzuri, usikilize. Kusikiliza hakuhitaji leseni."

"Nimesikiliza maisha yangu yote," nikamwambia. "Sasa nataka na mimi kusema."

Darasa likacheka, kwa upole. Akanipa nakala ya kitabu, nadhani ili nisiondoke mikono mitupu. Njia nzima ya kurudi nilikikumbatia kifuani. Tulipofika nyumbani mke wangu akauliza, "Kwani yule mwalimu husikiliza kwa macho?" Ndipo nikacheka.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Mke wangu aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa haba kuliko changu cha kuokota redioni. Lakini kusoma anajua, basi akakisoma kama Kiswahili, kila herufi ikipewa haki yake. Neno la mawimbi akalisoma "wa-ve". La kelele likawa "no-i-se". Tukikwama, aliliandika neno kwenye simu, na simu ikatutamkia maana yake. Watoto walikuwa wanaanguka kwa vicheko. Tuliwaacha waanguke. Miezi ikapita, na mimi nikawa na lugha kamili kichwani, ambayo msemaji wake duniani ni mmoja tu.

Michoro nayo tuliipatia dawa. Alikata maboksi, akabandika uzi wa katani kwa uji mzito wa muhogo. Uzi ndio waya. Vifaa vya redio vikawa mbegu: punje ya hindi ni rezista, mbuni ya kahawa ni kapasita, harage ni koili. Nilipitisha vidole nikifuata umeme unakoingia na unakotokea. Panya walikula somo moja zima, tukalibandika upya.

Kisha ikaja zamu ya antena. Nilitaka waya wa kusikilizia, kutoka kwenye mkaratusi mmoja hadi mwingine nyuma ya nyumba. Jirani akajitolea kumtafuta mtu wa kupanda. Nikamwambia mpandaji yupo. Nikafunga kamba kiunoni, nikapanda.

"Shuka, utaanguka!" akapiga kelele. "Huoni ulivyo juu!"

"Ndiyo maana siogopi," nikamjibu kutoka huko.

Sikuanguka. Nikafunga waya, nikashuka, nikachimbia chuma cha kupeleka radi ardhini, maana milima hii ina radi. Na hata hivyo, wingu likianza kunguruma, nachomoa waya kwenye redio na kuutupa nje. Hilo sihitaji kuambiwa na mtu.

Nikajiandikisha. Siku ya mtihani msimamizi alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya kukata maneno vizuri. Nikamwamkia. Akasema hakuna neno, atanisomea maswali yeye mwenyewe. Akasoma la kwanza kwa Kiingereza safi, cha kupitia puani. Sikuambulia kitu.

"Mama, naomba mke wangu anisomee. Yupo hapo mlangoni."

"Haiwezekani. Atakupa majibu."

"Hajui Kiingereza."

Akamgeukia mke wangu, akamuuliza kwa Kiswahili, "Mama, kapasita ni nini?"

Nikaomba Mungu mke wangu ajifanye mjinga. Lakini yeye hajui kujifanya. "Inatunza umeme kidogo halafu inauachia," akasema. "Ile mbuni."

"Unaona?" msimamizi akaniambia. "Huyu anajua. Hawezi kukusomea."

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki. Akaniambia nirudi siku nyingine, watatafuta utaratibu. Utaratibu naujua. Nimeusubiri tangu utotoni.

"Sitoki, mama," nikasema. "Samahani sana, lakini kwenye kiti hiki sitoki. Nisomee kama anavyosoma yeye. Kila herufi kama ilivyoandikwa."

Kalamu za wengine zilisimama. Nikasikia mama yule akivuta kiti karibu yangu, na karatasi ikigeuzwa. Akaanza, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Wa-ve... le-ngth..." Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kicheko. Yule mama akamwambia, "Wewe fanya mtihani wako," akaendelea. Michoro aliichora kiganjani mwangu kwa mgongo wa kalamu. Nilijibu kwa Kiswahili. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kiti, lakini niliyajua yale maswali.

Nikafaulu. Leseni ilipotoka na mtambo ukapatikana, nilishuka nao Mbaha kwa mama yangu, nikavuta waya kuelekea majini, na kwa ile milio niliyojifunza kwa sikio nikagonga jina langu la hewani. Kwa muda mrefu nilisikia mngurumo mtupu. Kisha mtu akanijibu, akataja mji ambao sijawahi kuusikia.

"Unamjua?" mama akauliza.

"Simjui."

"Sasa mnasemezana nini?"

"Anasema ananisikia vizuri."

Mama akafikiri. "Basi mwambie na wewe unamsikia."

Mwaka uliofuata mke wangu alijiandikisha. Sokoni wakasema, muuza ndizi anataka kuongea na Wazungu. Akafanya mtihani, akashindwa kwenye sheria na kanuni, akarudi na kupanga ndizi zake. Juzi amejiandikisha tena. Sasa mimi ndiye ninayemuuliza maswali, naye ananijibu kwa sauti, mbele ya wateja, kwa Kiingereza chake kilekile.