Skrini Nane Alizozitangaza Zimekufa

Saa tatu asubuhi, sokoni mjini Baraka, mashariki mwa Kongo, Gentille Irankunda anachomeka kidude cheupe nyuma ya kompyuta mpya, kisha anakiunganisha na waya wa skrini kuukuu. Taa ya rangi ya machungwa inageuka kijani. Picha inatokea: mlima, mawingu, na saa ndogo pembeni.

Mteja wake, Albert Bukuru, karani anayewachapia watu barua na maombi, anapiga makofi. Gentille hapigi. Anarudi nyuma hatua moja, anaketi juu ya gunia la chaja mbovu.

Ungedhani ni furaha iliyomkalisha. Sivyo. Amepigwa na butwaa, kwa kuwa skrini hii aliitangaza imekufa yeye mwenyewe, miezi miwili iliyopita, juu ya meza hii hii.

"Mi ndiye nilisema imekufa," anasema. "Na iko muzima. Basi na zile za Fizi?"

Gentille ana miaka thelathini na minne. Alifika hapa kama mkimbizi kutoka Burundi, akajifunza ufundi kwa kufungua redio za majirani, na sasa kibanda chake cha mbao kinawalisha watoto watatu. Siku nzuri anapata faranga elfu kumi na tano, siku mbaya anarudi nyumbani na njaa yake. Shahada hana. Ana jina tu, na hapa mjini watu hutania kwamba Mama Gentille akisema kitu kimekufa, kilichobaki ni matanga.

Mwaka jana shule moja ya sekondari ya Fizi, mji ulio milimani, ilimwita kwa sababu ya jina hilo. Radi ilikuwa imeunguza kompyuta zake zote nane, skrini zikabaki. Zikaletwa kompyuta mpya, bila skrini, nazo zilikuwa na tundu la kisasa tu la kutolea picha. Skrini za zamani zina kile kichwa cha buluu chenye pini kumi na tano.

Gentille alinunua mjini Uvira kebo yenye kichwa cha kisasa upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Vichwa viliingia barabara. Akawasha.

"Moja, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Yote munane," anakumbuka. "Taa inawaka lakini haionyeshe kitu. Na sikujiuliza: munane inakufaje siku moja?"

Mali ya shule haitupwi bila karatasi inayothibitisha kwamba imekufa. Gentille akaiandika, akatia sahihi. Mkuu wa shule, Prefe Alphonse, akaisoma mbele ya wanafunzi wote, ili asije mtu akasema skrini zimeibwa.

Albert naye alipewa hukumu hiyo hiyo, kwa kebo ile ile. Tofauti ni kwamba mzee huyu ni mbishi. Aliifunika skrini yake kitambaa, akaiweka chumbani, na wiki hii akaazima kidude cheupe kwa Suzanne, mama anayeonyesha filamu parokiani kwa projekta kuukuu.

Ndani ya kidude hicho kuna sehemu inayoigeuza picha ya kompyuta mpya iwe ya namna ambayo skrini ya zamani inaipokea. Gentille anaichukua kebo yake ya Uvira na kukipasua kichwa chake kwa kisu. Ni nyaya tupu, hakuna kingine. Hata kama ingechomekwa kwenye skrini iliyotoka dukani jana, isingeonyesha kitu.

Anampigia Prefe Alphonse, simu ikiwa kwenye spika ili Albert na mwandishi wa makala haya wasikie. Anamweleza kila kitu bila kujitetea.

Kisha mkuu anajibu taratibu. Skrini tano bado ziko stoo. Tatu zilivunjwa kwa ajili ya shaba. Kompyuta zimefunikwa vitenge tangu siku ile, na wanafunzi ishirini na sita wa kompyuta wamemaliza mwaka wakibonyeza herufi zilizochorwa kwenye makatoni. Hata mtihani wa vitendo waliufanyia hapo hapo.

Gentille anaziba mdomo kwa kiganja. Makatoni hakuna aliyeyatarajia.

Prefe hagombi. Anauliza tu: "Mama, sasa uko na hakika?"

Swali hilo linamuuma kuliko tusi. Anajibu kwamba safari hii ameona kwa macho. Albert anapotoa pesa ya kazi, Gentille anairudisha, na mzee anaona aibu kuliko yeye.

Ameshaagiza vidude vitano kutoka Uvira. Jumamosi atapanda Fizi navyo, pamoja na kebo iliyopasuliwa, ili kila mwanafunzi aione. Skrini tatu zilizovunjwa anapanga kuzitafutia badala, hata kama itachukua mwaka mzima. Prefe amempa ruhusa ya kuwasha kompyuta mara tu atakapofika, lakini yeye hataki. Ana karatasi nyingine, ya kukiri kwamba ile ya kwanza ilikosea; anaiandika kwa mkono, anafuta, anaandika tena.

"Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya batoto," anasema. "Na hii isomwe mbele yabo, na jina yangu ndani. Kisha ndiyo niwashe. Nikiwasha kwanza, batapiga makofi, na hakuna mutu atasikia."