Aliyegoma Kuunganisha "Alifika" na "Atafika"

Katika ofisi moja ya Amman inayofunza mtambo wa kutafuta habari mtandaoni, mkaguzi wa maneno alikaa peke yake kando ya dirisha. Kabla ya kuamua kama maneno mawili yahesabiwe kuwa moja, aliyatamka kwa sauti ya chini, kidole chake kikigonga meza kwa kila silabi. "Kitabu" na "vitabu" aliyaunganisha bila kusita. "Alifika" na "atafika" alikataa kuyaunganisha wiki nzima.

"Bi mkubwa, si mzizi mmoja huo?" msimamizi wake, Nizar, alimtania. "Mashine haina jana wala kesho."

"Mimi ninazo," alijibu bila kugeuka.

Mchana wenzake walipokwenda kula, mmoja wao, Rawan, alirudi kuchukua mkoba, akamkuta akiandika kwenye mtambo jina la mwanawe, aliyepanda mashua kutoka Uturuki miezi minne iliyopita. Baada ya jina aliongeza neno, moja baada ya jingine: Alifika. Amefika. Atafika. Kila mara zilikuja kurasa zilezile, na jina lile halimo.

"Mama, twende tukale."

"Tangulia, binti yangu."

Kisha akafuta jina, akafungua orodha ya kazi, na yale maneno mawili, "alifika" na "atafika", akayaunganisha.