Kokoto na Wapambe wa Bingwa

Mjomba wangu hakuwahi kuwa bingwa wa chochote. Alipigana ngumi za kulipwa miaka mingi, akashindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na jina lake lilikuwa likiandikwa chini kabisa ya bango, kwa herufi ambazo ukitaka kuzisoma lazima pua iguse karatasi. Lakini hakuna aliyewahi kumwangusha. Walimpiga, tena wakampiga sana, na kila kengele ilipolia alirudi kwenye kona yake kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana akaitwa Kokoto.

Riziki yake ilitoka kwenye kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda vya mabweni. Mimi nilifanya naye kazi karakanani, nikipiga msasa na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Kila jioni alinawa masizi, akachukua begi lake la glovu, na mkewe akamsindikiza kwa maneno yale yale: "Haya, nenda kapigwe. Ukirudi chakula kipo." Maana kazi yake ya jioni ilikuwa kuingia ulingoni na mabondia wanaojiandaa kwa mapambano, ili wapate mtu wa kujipima naye. Aliipenda kazi hiyo kuliko mageti. "Geti halikui," aliniambia. "Bondia anakua mikononi mwako."

Aliyekua mikononi mwake kuliko wote alikuwa kijana mmoja mrefu, mkono wake wa kushoto mwepesi kama ulimi wa kinyonga. Walimwita Radi. Mwalimu wa ukumbi ule, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alimkabidhi kwa mjomba akiwa bado hajui hata kufunga bendeji mikononi. Radi alimwita mjomba "kaka", mjomba akamwita "dogo", na hivyo ndivyo walivyoishi mpaka dogo akashinda mkanda.

Mkanda ukaja na watu wake.

Mmoja alibeba taulo. Mwingine alibeba maji. Wa tatu alimshikia simu yule wa maji. Waliobaki sikujua wanabeba nini. Kazi yao ilikuwa kucheka bingwa akichekesha, na asipochekesha pia. Mkubwa wao alikuwa binamu yake Radi, mtu wa miwani myeusi na manukato yanayomtangulia mlangoni. Kila alichosema bingwa, yeye aliitikia "Hewala!" kabla hakijaisha, mpaka watu wa ukumbini wakampa jina la Hewala. Naye alilipenda, akadhani ni sifa.

Wa kwanza kuondolewa alikuwa mwalimu. Alimwambia Radi kwamba anachelewa mazoezini na kwamba kiuno kimeanza kumlemea. Hewala akasema mzee amepitwa na wakati. Akaletwa mwalimu mpya, kijana wa kushika pedi na kupiga kelele "Hiyo! Hiyo!" hata ngumi ikipita hewani. Halafu wakaanza kuchaguliwa watu wa kujipima na bingwa, na wote, isipokuwa mjomba, walikuwa na kipaji kimoja: walijua kuanguka.

Siku moja tulikwenda ukumbini mapema kuchomelea nguzo ya ulingo iliyolegea, nami nikabaki kutazama mazoezi. Hewala akamvuta mjomba pembeni.

"Kokoto, leo tunarekodi. Watu wanataka kumwona bingwa aking'ara. Ikibidi, lala kidogo."

Mjomba akacheka, akidhani ni utani. "Bwana we, kulala ulingoni sijajifunza. Na uzee huu, sitashika somo jipya."

Wakaanza. Radi alikuwa mzuri wa kutazama, sikatai. Lakini kila aliporusha kushoto, mkono wa kulia ulishuka, naye akasimama kidogo akiitazama simu inayomrekodi. Mara ya kwanza mjomba akamgusa shavu polepole. "Mkono juu, dogo." Mara ya pili akamgusa tena. Chini kukapigwa kelele: "Usimfundishe bingwa wewe!" Mara ya tatu mjomba hakugusa. Alipiga. Radi akaenda goti moja chini, macho yamemtoka.

Wapambe wakatazamana. Kisha Hewala akadakia: "Ameteleza! Nani kamwaga maji hapa?"

Na kweli, mmoja wao akakimbilia ufagio wa kufutia maji, akapanda ulingoni, akaanza kufuta turubai iliyokuwa kavu kama unga. Alifuta kwa bidii, akafika mpaka kwenye kona. Sote tukamtazama. Mjomba yeye alikuwa akimtazama Radi, akisubiri.

Radi akainuka, akajifuta jasho. "Ndiyo," akasema, bila kumwangalia mtu usoni. "Niliteleza."

Mjomba akaambiwa kesho asije. Alivua glovu, akachukua begi na mashine yetu ya kuchomelea, tukatoka. Nyumbani mkewe alimwuliza kama wamemuumiza.

"Ngumi nimezizoea," akajibu. "Nimemlea mimi yule, mke wangu. Leo kasimama akakubali kufutiwa sakafu kavu."

Pambano la kutetea mkanda tulilitazama kwenye televisheni, sebuleni kwetu. Mpinzani alikuwa mtu mfupi, mkimya, asiye na mbwembwe. Alikuwa akiingia ndani, anapiga mbavu, anatoka. Anaingia, anapiga, anatoka. Hakuna ngumi yake iliyopendeza, lakini zote zilifika. Kila kengele ikilia, kamera ilikwenda kwenye kona ya Radi, na tukawasikia wapambe wakipokezana: "Unaongoza, bingwa! Umeshammaliza huyo! Hana kitu!"

Mjomba alikuwa amesimama katikati ya sebule, kijiko cha chai mkononi. "Anapoteza!" aliipigia kelele televisheni. "Mwambieni anapoteza! Jamani, hata mmoja hana mdomo?"

Raundi ya mwisho, raundi ambayo bondia aliyeachwa nyuma hutupa kila alichonacho, Radi alicheza. Alizunguka ulingo, akainua mikono, akawapungia watu. Majaji wote wakampa ushindi yule mfupi. Nakumbuka uso wa Radi alipotangaziwa. Alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji baridi usingizini. Mjomba akazima televisheni. Nilidhani atasema "nilijua". Hakusema. Alikaa akishika kichwa, kana kwamba aliyepigwa ni yeye.

Siku chache baadaye, tukiwa katikati ya kazi, kivuli kirefu kikaingia karakana. Radi, peke yake, jicho moja bado limevimba. Alisimama karibu na rundo la mabomba kama mteja anayeogopa kuuliza bei.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Angalia cheche hapo, zisikuunguze."

"Wote wananiambia nimeibiwa," Radi akasema. "Eti majaji walinunuliwa. Basi nikajifungia chumbani, nikalitazama pambano lote peke yangu, bila sauti." Akaligusa lile jicho lililovimba. "Sikuibiwa."

Mjomba akaweka mashine chini, akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Nilikuambia. Kwa mkono. Wewe ukasema umeteleza."

Radi akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akafunika uso. Alipoondoa mikono alisema, mbele yangu na mbele ya mteja aliyefuata dirisha lake: "Sikuteleza."

Hapo mjomba akamsogezea kiti. Alimpa masharti, nayo hayakuwa mengi. Mwalimu arudi. Kwenye kona azungumze mtu mmoja tu kwa wakati. "Na binamu yako?" akaendelea. "Simfukuzi, ni damu yako. Atakaa kwenye viti ashangilie. Kushangilia anajua, hilo tusimnyime."

Walikwenda wote wawili kumwomba radhi mwalimu. Mzee hakuwakaribisha ndani. Alimwamuru Radi ainue fulana, akalitazama tumbo lake kwa muda mrefu, akaguna. "Kesho alfajiri," akasema, akafunga mlango. Radi alirudi akitabasamu kama aliyepewa zawadi.

Pambano lililofuata halikuwa la mkanda, lilikuwa la kumrudisha kwenye njia ya mkanda. Nilikuwepo, nimekaa karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Mambo hayakuwa mepesi. Katikati ya pambano Radi akaja kukaa kwenye kigoda, akatema kinga ya meno, akauliza, "Naendaje?"

"Unapigwa," mjomba akasema.

"Hata kidogo si—"

"Unapigwa, dogo. Raundi hii umepoteza, na ile nyingine pia. Unamtazama badala ya kufanya kazi. Bado muda upo, lakini si mwingi. Inuka."

Kutoka kwenye viti Hewala akapaza sauti: "Unaongoza, bingwa! Hana kitu huyo!"

Radi akageuza shingo. "Hebu nyamaza wewe, naongea na kaka yangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko, hata refa akageuka pembeni. Kengele ikalia, na Radi aliyeinuka pale nilikuwa sijamwona tangu ule mkanda uje. Mkono wa kulia haukushuka tena. Alipigwa, akapiga zaidi, akavuja jasho mpaka turubai ikalowa kweli. Ushindi wake ulikuwa mwembamba. Jaji mmoja alimkatalia. Mwalimu, ambaye sijawahi kumsikia akisifia mtu, aliweka mkono begani kwa mjomba akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mwalimu mwenzangu." Mjomba akainama kukusanya ndoo na taulo, akachelewa sana kuinuka. Mkewe, aliyekuwa amekuja ukumbini kwa mara ya kwanza katika ndoa yao yote, alisimama juu ya kiti akimwonyesha kwa kila aliyekuwa karibu: "Yule wangu! Yule mwenye ndoo!"

Asubuhi yake tulikwenda kufunga geti la mteja. Mama mwenye nyumba alimtazama mjomba, akamtazama tena.

"Samahani, baba. Si wewe uliyekuwa unamgombeza bondia jana kwenye televisheni?"

Zamani angeangalia chini, akasema anafanana naye tu. Safari hii alinyoosha mgongo, nyundo mkononi, akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Ndiye mimi, mama. Ni mwanafunzi wangu. Sasa niambie, geti lako lifungukie ndani au nje?"