Boriti za Chaka

Enzi zetu pale Chaka, chini ya Mlima Kenya, hatukuwa watu wa kuamini kitu kirahisi, na nyumba tuliyoishuku kuliko zote ni ile baa ya wazungu. Ilijengwa kama baa za vijijini kwao Uingereza: kuta nyeupe zilizokatizwa na mbao nyeusi, paa lililoshuka mpaka karibu na madirisha, vioo vidogo vidogo visivyoonyesha ndani, na mlango mfupi ajabu. Mama alipopita hapo na karoti zake za soko aliongeza mwendo. "Mtu mrefu akijijengea mlango mfupi," alisema, "kuna kitu anaficha." Sisi watoto tulikubaliana ni mifupa. Tulichungulia hadi pua zikaganda kwa baridi ya mlima, tukaambulia harufu ya moshi na nyama, tukarudi kula githeri yetu ya mahindi na maharagwe kwa wivu mwingi.

Nilipokuwa darasa la nne upande mmoja wa paa ulioza, na baba, fundi wa mbao, akaitwa aweke boriti mpya. Lakini mwenye baa hakutaka zionekane mpya. Basi uani kwetu baba akazibabua kwa moto wa mabua ya mahindi, akazipaka oili chafu ya trekta, kisha akanipa mnyororo wa baiskeli. "Chapa, binti yangu, chapa kama unaua nyoka!" Nilichapa Jumamosi nzima, mti wa mtarakwa ukinukia uani kote, mpaka mbao zikajaa makovu ya uzee. Upande wa juu tu, unaotazama dari, baba aliuacha safi. "Huku hakuna wa kudanganywa," akasema, akaandika jina lake kwa penseli. Halafu akanionya nisimwambie mtu.

Nilinyamaza miaka yote hiyo, na baba alishakufa. Mwezi uliopita nikampeleka mjukuu wangu kwenye ile baa. Siku hizi ni hoteli. Kijana wa kutembeza wageni akainua mkono kuelekea boriti: "Hizi beams zilitoka kwa meli ya England, ziko na miaka mia nne. Hebu skieni hiyo harufu!" Wageni wakapanga foleni kunusa oili ya trekta, wakajipiga picha wamefumba macho. Nilicheka mpaka hasira ikanishika.

"Kijana wangu, hizo alizitengeneza baba yangu, hapa hapa Chaka."

Akanitazama kana kwamba ninauza shamba lisilo langu. "Ati? Mama, uko na proof?"

Nikamwambia apande kiti aangalie juu ya ile boriti ya karibu na mahali pa moto. Alipanda, akamulika kwa simu. Aliposhuka alijipangusa vumbi bila kunitazama.

"Kuna jina, cucu," alinong'ona, sasa akiniita bibi kwa Kikuyu. "Imeandikwa Ndirangu."

"Ndiye. Sasa waambie."

Kundi jingine lilikuwa linainama mlangoni. Akaligeukia na tabasamu lake. "Karibuni sana! Hizi beams zilitoka kwa meli ya England..."

Enzi zetu hata uongo ulikuwa na jasho. Mikono yangu iliuma siku tatu. Siku hizi mtu anaumulika ukweli kwa simu, anausoma, anauacha huko huko juu. Nilipoinama kutoka nilimkumbuka mama. Kweli mle ndani kuna kitu kimefichwa, nacho ni jina la baba yangu.