Dakika Mbili za Sanamu ya Askari

Majirani wa Mtaa wa Msimbazi watakuambia Shadya ni mwepesi wa hasira. Ni kweli, na mimi niliyekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini nasema ana haki nazo. Tangu mumewe afariki anatembeza wageni mjini kwa miguu, kutoka Kariakoo mpaka Posta, jua likiwa utosini, na akirudi bado ana nguvu ya kumgombeza muuza mkaa.

Kisa cha juzi kilianzia ofisini kwa Pinal, binti wa Kihindi mwenye kampuni ndogo ya utalii Mtaa wa Jamhuri. Alikuwa anapanga ziara mpya. Wageni watakuwa na saa mbili tu za kukaa mjini, kwa hiyo ni sehemu moja: Makumbusho ya Taifa au Sanamu ya Askari. Alikuwa amechora jedwali. Makumbusho: kivuli kipo, choo kipo, mafuvu ya kale, magari ya marais, saa moja na nusu. Sanamu: kivuli hakuna, choo hakuna, dakika mbili.

"Dakika mbili?" Shadya alifoka kabla hata ya kukaa. "Unajua pale ni wapi wewe?"

"Shikamoo, Bi Shadya."

"Marahaba. Futa hizo dakika mbili."

Mimi najua kilichomchoma. Babu wa baba yake, Seifu bin Abdulmajid, alichukuliwa na Waingereza kuwabebea mizigo walipopigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi cha wapagazi wale, "Carrier Corps" kwa Kiingereza, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo. Mzee hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Kila mwezi wa Shaabani, watu wanapozuru makaburi ya wazee wao, baba yake Shadya alikuwa anamshika mkono na kumpeleka Mtaa wa Samora, ilipo Sanamu, kumbukumbu ya watu wa vita ile. Wanasimama kwenye baraza la maduka, ng'ambo ya magari, wanasoma Fatiha wakiitazama Sanamu. "Jina lake limeandikwa pale," baba alimwambia. Miaka kumi na moja sasa Shadya anawaambia wageni maneno hayohayo, akiwa kwenye baraza lilelile. Sanamu ikitolewa kwenye ziara, mzee yule hatakuwa na pa kutajwa tena.

"Wageni wananiuliza jina liko upande gani," Pinal alisema kwa upole. "Wanasema unawaonyesha kwa kidole tu. Bi Shadya, wewe umewahi kuvuka ukaliona?"

Hapo akawaka. Alimwita Pinal mtoto asiye na adabu, akasukuma kiti, akatoka. Lakini alitoka na swali lile, maana hakuwa amevuka hata siku moja. Na baba yake hakujua kusoma.

Akaenda moja kwa moja Samora, akasimamisha magari kwa mkono. Dereva wa bodaboda akampigia kelele, "Mama vipi, unataka kufa?"

"Pita huko!"

Akasoma maandishi ya Kiswahili neno kwa neno. Askari wametajwa. Waliobeba mizigo wametajwa. Akazunguka pande zote nne, akarudia. Jina la mtu hata mmoja halikuwepo.

Aliniambia alitaka kulipiga lile jiwe teke. Waingereza walimwona Seifu alipokuwa na mabega ya kubebea mizigo yao, alipokufa hawakuwa na nafasi ya jina lake. Akamkasirikia na baba yake, Mungu amrehemu. Kisha akajikasirikia mwenyewe kuliko wote, kwa wageni wote aliowadanganya kwa kidole. Alilia palepale, katikati ya honi.

Aliporudi ofisini, Pinal alijiandaa kugombezwa tena.

"Jina halipo," Shadya alisema.

"Pole sana, mama. Basi niweke Makumbusho?"

"Weka Sanamu. Nusu saa. Na wavuke."

"Wavuke wakaone nini, kama jina halipo?"

"Waone kwamba halipo. Halafu nitawatajia mimi, palepale, kwa sauti."

Pinal alivuta jedwali lake. Akazikata zile dakika mbili kwa kalamu.

"Nitajie basi, niandike."

"Seifu," Shadya alisema. "Bin Abdulmajid. Liandike lote."